Kinu cha Shangazi Umazi

Kinu chenye mahindi hakilii. Hutoa sauti nzito ya kushiba, na ukikaa mbali kidogo husikii ila pumzi ya anayetwanga. Kinacholia ni kinu kitupu. Mchi ukigonga mti mkavu wa ndani, sauti hutoka kali, ikapita juu ya makuti, ikavuka njia ya reli na kuteremka hadi mferejini ambako wanawake wamepanga madebe yao wakingoja zamu ya maji. Nilipokuwa mtoto katika kijiji cha Mikoroshoni, nyuma ya stesheni ya Changamwe, hakuna aliyetwanga kinu kitupu kwa mchezo. Mtoto aliyethubutu alichapwa kwanza, na maswali yakafuata baadaye kama yalifuata. Katika watoto wote wa kijiji kile ni mimi peke yangu niliyeruhusiwa. Miaka yangu sasa imepita themanini na bado nina hasira na ruhusa ile.

Ilikuwa miaka ya arubaini, vita vya Wazungu vimekwisha lakini unga wa njano wa mgao bado tunaula, unga wenye harufu ya gunia lililolowa na kukaukia ndani. Wanaume wa Mikoroshoni walifanya kazi ya reli na ya bandari, na baba yangu alikuwa mmoja wa wale wanaobadilisha mataruma ya reli. Tulikuwa Warabai, Wagiriama na Waduruma, na Wataita wachache waliokuja na treni wakakaa. Jumapili sote tuliimba kanisa moja, kila mtu kwa matamshi yake. Nyumba zilikuwa zetu, za fito na udongo na makuti, tulizijenga wenyewe. Ardhi haikuwa yetu. Mwenye shamba aliishi kisiwani, wengi wetu hatukumjua hata kwa sura, na siku moja tukaona vijana wawili wakipigilia vigingi vyeupe kati ya nyumba zetu. Kimoja walikipigilia jikoni kwa Mama Wakio, jirani yetu Mtaita, karibu kabisa na mafiga yake. Alipouliza, akaambiwa shamba limeuzwa kwa kampuni, na hapo patajengwa ghala.

Mtu aliyetufanya tusiondoke siku hiyo hiyo ni Shangazi Umazi, dada mkubwa wa baba yangu. Alikuwa mjane, mrefu, mwenye sauti ya chini iliyokufanya usogee ili umsikie. Ningependa kusema sikuwahi kumpenda, lakini nitakuwa nasema uongo. Nilimpenda kuliko nilivyompenda mama yangu, na mama alilijua hilo akanyamaza. Watu wa siku hizi wanaofanya kazi ya kuunganisha wananchi huanza kwa kuita mkutano na kupanga viti. Shangazi hakuita mkutano wowote kwa miezi. Aliingia jikoni kwako akakuta unachambua kunde, akachukua uteo akachambua nawe. Alikuta unakuna nazi, akakusogeza kidogo kwenye mbuzi akakuna yeye. Hakumwambia mtu neno la vigingi kabla hajamshikia kazi, na ulipomaliza kazi yako mapema kwa ajili yake, uliona haya kumnyima masikio. Hivyo ndivyo alivyowapata wote, jiko kwa jiko, hata wale waliokuwa hawasemezani wao kwa wao.

Alichowafundisha kilikuwa chepesi. Kampuni haitabomoa nyumba yenye mwanamke na watoto ndani, alisema, kwa sababu hakuna fundi atakayekubali kuangusha ukuta juu ya mtoto anayemtazama. Basi siku watakayokuja, kila mmoja aache alichoshika, arudi kwake, aketi chini katikati ya chumba na watoto wake, asijibu neno. Shida ni kwamba tulikuwa tumetawanyika siku nzima, huyu mferejini, huyu bondeni kwenye mihogo, huyu stesheni anauza ndizi. Ndipo akafikiria kinu. Akatunga mapigo mawili. La kwanza liliitwa la nyumbani: mawili mazito, kimya cha pumzi ndefu, mawili mazito, kimya. Ukilisikia, rudi ukaketi ndani. La pili liliitwa la kuitana: haraka haraka bila kituo, na kila baada ya muda mchi unagongwa kwenye ukingo wa kinu ukalia ta-ta-ta. Ukilisikia hilo, toka ulipo, hata kama una sufuria motoni, uende mferejini, na usiondoke huko mpaka uambiwe neno uliloitiwa. Asiyetoka siku ya kuitwa alifagia uwanja wa kanisa wiki nzima, na hakuna aliyetaka kuonekana akifagia.

Walikuja mara ya kwanza wakati wa kupalilia, wanaume kumi hivi wenye mitalimbo na msimamizi mwenye kofia ya kaki. Shangazi akatwanga la nyumbani kwenye kinu chake kikubwa cha mfenesi, kilichokaa mbele ya mlango wake miaka yote bila kusogezwa. Niliwaona wanawake wakikimbia kutoka pande zote, leso zimefungwa viunoni, wengine na majembe mabegani. Mama aliingia akatukalisha chini, mimi na wadogo zangu wawili. Mlangoni akasimama kijana mwenye mtalimbo, akatutazama, nasi tukamtazama. Akasema, "Shikamoo mama," kisha akaona haya akarudi nje. Waliondoka bila kugusa ukuti mmoja. Jioni kijiji kilinuka samaki wa kukaanga kana kwamba ni Krismasi, na akina mama walimbeba Shangazi juu juu mpaka akaomba wamteremshe, mgongo unamuuma.

Baada ya siku hiyo akaanza kunifundisha mimi. Alisema siku moja atakuwa safarini au mgonjwa, na lazima awepo mtu mwingine anayejua mapigo. Alinichagua mimi, alisema, kwa kuwa nilikuwa na sikio na mikono ya mwanamke mzima. Nilikuwa na miaka tisa na mikono kama vijiti. Alinivisha kilemba cha ukoka nami nikakivaa nikatembea nacho kijiji kizima. Tulifanya mazoezi kwa kutandika gunia ndani ya kinu ili sauti isitoke, mchana baada ya mchana, mpaka nikaweza kutwanga la nyumbani na la kuitana huku nikizungumza mambo mengine. Alinishika mabega kwa nyuma, nikasikia harufu yake ya mafuta ya nazi na tumbaku ya kunusa. "Kadzo," aliniambia, "wewe ndiye ulimi wangu." Nimejiuliza mara nyingi kama wakati huo alikwisha kujua atakavyonitumia. Nadhani hakujua bado. Nadhani hivyo kwa sababu nikidhani vinginevyo silali.

Siku yenyewe ilianza kama siku yoyote. Baba alikwenda kazini alfajiri, mama akateremka bondeni kuchuma mchicha akaniacha na wadogo zangu, akaniagiza niende kwa Shangazi kuazima uteo. Nilikuta mlango wake umefungwa kwa kufuli. Kuku wake hawakuwepo. Na mbele ya mlango, pale kilipokaa kinu cha mfenesi miaka yote, palikuwa na duara tupu la udongo mbichi mweusi, na siafu wanakimbia ndani yake kama watu waliovuliwa paa. Nilisimama nikalitazama duara lile. Hata nililizunguka, nikaweka mguu mmoja katikati, baridi ikapanda kwenye unyayo. Sikufikiria kitu kibaya. Nilifikiria tu kwamba sijawahi kuona ardhi ya hapo.

Nilipogeuka kurudi nikakutana na Shangazi njiani, anakuja kwetu kwa haraka, kajifunga leso mpya. Nikamwuliza kinu kiko wapi. Akasema kimepasuka, amekipeleka kwa fundi. Sasa nisikilizeni. Kinu kikipasuka hakipelekwi kwa fundi. Kinu kikipasuka kinachanjwa kuni, kila mtoto wa Pwani anajua, na mimi nililijua nikiwa na miaka tisa. Lakini mtu aliyekwambia kwamba wewe ni ulimi wake hupingani naye. Akaniambia nitwange kwenye kinu cha mama, pale uani kwetu, kwa kuwa bega lake linamuuma. Nikamwuliza ni la nyumbani? Akasema, "La kuitana. Twanga mpaka uone wote wameteremka, kisha ufuate na wadogo zako." Nikasema, "Abee, Shangazi," nikashika mchi.

Nilitwanga vizuri. Hilo nalisema bila kujinyenyekeza, maana ndilo jambo nililolaumiwa. Haraka haraka bila kituo, na ukingoni ta-ta-ta, kama alivyonifunza. Niliwaona wanatoka mmoja mmoja wakifunga leso. Mama Wakio alitoka na unga mikononi, kamfunga mtoto mgongoni, akanipungia mkono alipopita. Nilipomaliza jasho lilikuwa linanitiririka na nilijiona mtu mkubwa. Nikambeba mdogo wangu, mwingine nikamshika mkono, tukavuka reli tukateremka mferejini. Kijiji nyuma yetu hakikubaki hata na bibi kizee. Yule aliyeshindwa kutembea walimbeba.

Mferejini kila mtu alimwuliza mwenzake tumeitiwa nini, na kila mtu akajibu tumngoje Umazi. Wakamngoja. Mama alifika na mchicha wake, akaniuliza Shangazi yuko wapi, nikasema anakuja. Jua likapanda. Baadhi wakasema warudi wakaangalie sufuria zao, wengine wakawakumbusha kanuni: aliyeitwa haondoki mpaka aambiwe neno. Watu wengine wangekwisha kutawanyika. Wetu walikaa kwa sababu yeye mwenyewe aliwafundisha kukaa. Kwanza tulilisikia jambo lenyewe kama magunia yanayodondoshwa mbali, moja, kisha jingine. Kisha upepo ukatuletea vumbi la makuti makuukuu, lile vumbi chungu lenye masizi ya miaka, linalokaa kooni. Mama Wakio ndiye wa kwanza kukimbia.

Sina haja ya kueleza sana tulichokikuta. Nyumba thelathini na kitu zilikuwa zimelala chini. Wanaume wenye mitalimbo walikuwa wengi safari hii, na askari wamesimama kando na fimbo zao, na hakuna aliyehitaji kumpiga mtu, maana hapakuwa na mtu. Mama Wakio alichimbua udongo kwa mikono akitafuta nguo za mtoto. Kinu cha mama walikuwa wamekibingirisha hadi kwenye shimo la takataka. Nyumba ya Shangazi nayo ilibomolewa sawa na nyingine, na ndiyo sababu hakuna aliyemshuku. Hakuna aliyesimama kutazama kwamba katika kifusi chake hapakuwa na chungu, wala kitanda, wala kigae. Kila mmoja alikuwa na kifusi chake cha kutazama.

Akatokea akipitia upande wa stesheni, leso imemwanguka mabegani, analia. Alilia machozi ya kweli, niliyaona. Wanawake wakamzunguka wakamwuliza kwa nini aliwaita. Akasema hakuwaita. Alisema alipata habari kwamba wanakuja, akanituma nitwange la nyumbani, kisha akakimbilia stesheni kumsihi msimamizi. Akanitazama mbele ya watu wote, kwa ile sauti yake ya chini, akasema, "Mtoto amekosea pigo." Hakusema kwa ukali. Alisema kwa huruma, kama mtu anayeniombea radhi, na huruma ile ndiyo iliyowafanya wamwamini. Mimi nilifungua mdomo nikasema, "Kinu chako." Sikufika mbali. Mama alinizaba kofi, la kwanza na la mwisho maishani mwake, nikafyata ulimi.

Wiki ile tulilala kwenye ua wa kanisa, chini ya magunia. Nilimwambia mama habari ya duara na siafu. Akaniambia nifunge mdomo, nisiongeze uongo juu ya kosa. Akakichanja kinu chake mwenyewe, kinu kizima kisicho na ufa, akakipikia uji siku tatu, na kila siku aliponipa kikombe changu hakunitazama. Watu wakaanza kutawanyika. Wengine walirudi Rabai, wengine walijibanza kwa ndugu zao Mikindani na Kongowea. Mama Wakio na watu wake walipanda treni kurudi Taita, na kabla ya kupanda alinikumbatia akaniambia, "Usilie, mwanangu, hata watu wazima hukosea." Nimetukanwa na watu wengi katika maisha haya. Hakuna tusi lililoniuma kama msamaha wa mwanamke yule kwa kosa ambalo sikulifanya.

Sisi tulipata chumba Mikindani. Shangazi pia alihamia Mikindani, na hazikupita wiki nyingi akawa na nyumba ya mabati, ya kona, karibu na barabara kuu. Watu walisema kampuni ilimhurumia kwa kuwa alikuwa kiongozi. Mama alikwenda kumtembelea siku ya kwanza akiwa amebeba vitumbua, kwa heshima ya wifi. Alirudi mapema na vitumbua vyake. Nilikuwa nafua uani. Alikaa kwenye ngazi, akavua ngata kichwani, akaizungusha mikononi muda mrefu, kisha akasema, "Nilikiona kinu." Nikangoja aendelee. Nilifikiri sasa ataamka, atakwenda nyumba kwa nyumba kama Shangazi alivyokuwa akienda, atawaambia wote. Nilikuwa tayari kumshika mkono twende pamoja. Akasema, "Kizima kabisa, kipo mlangoni pake." Kisha akasema yule ni dada wa baba yako, na baba yako akijua hataishi, na wewe ni mtoto, watu watasahau. Akaniomba. Sikuwahi kuombwa na mama yangu kabla ya hapo, nami nikakubali, na hata leo sijui ni nani kati yao wawili aliyeniuza kwa bei rahisi zaidi.

Watu hawakusahau. Shuleni niliitwa Kadzo wa Pigo. Nilipochumbiwa, mama mkwe aliuliza kama ndiye yule. Katika kila msiba na kila arusi Mikindani, mtu mmoja alinionyesha kwa kidevu akamnong'oneza mwenzake. Shangazi alizeeka vizuri, akaitwa kwenye mikutano, akakalishwa viti vya mbele, akasimulia jinsi alivyowaunganisha akina mama wa Mikoroshoni. Alipofika sehemu ya mwisho alishusha sauti akasema ni makosa ya mtoto, na tusimlaumu. Nilimwendea mara moja tu, amelala mgonjwa, hamna mtu mwingine chumbani. Aliongea kabla sijauliza. Aliniambia safari ile wangekuja na bunduki, mngekaa ndani mngekufa, yeye aliwatoa ili mpone. Labda ni kweli. Nimelitia jambo hilo kwenye mizani miaka mingi, na kuna siku lina uzito. Lakini nilimwambia, "Shangazi, kama ulitaka watu wapone, mbona kinu chako kilitangulia?" Akageukia ukutani. Alizikwa kwa matarumbeta, na chama cha akina mama cha mtaa huu kinaitwa kwa jina lake.

Mjukuu wangu Mbeyu ni katibu wa chama hicho. Sasa wanapigania nyumba za wapangaji ambazo mwenye kuzimiliki anataka kuzivunja, na habari zao zinakwenda kwa simu. Namtazama akibonyeza pale kibarazani, na katika dakika moja wanawake mia wamejua wakutane wapi. Nikamwuliza siku moja, akitokea mtu akatuma habari ya uongo? Akanionyesha: kila ujumbe una jina la aliyeutuma, na saa, na haufutiki ukasahaulika, kuna ambaye keshausoma. Nikasema ni vizuri. Sikumwambia kwamba ningetoa miaka kumi ya maisha yangu kwa kitu kama hicho. Siku zetu pigo halikuwa na jina la aliyeliagiza. Lilikuwa na jina la aliyeshika mchi tu.

Juzi alirudi nyumbani amevaa fulana ya chama, yenye jina la Shangazi kifuani na picha ya kinu. Alikuwa amesikia hadithi mkutanoni, akaja moja kwa moja jikoni, haya zimemjaa usoni. "Nyanya," aliniuliza, "ni kweli kwamba wewe ndiye uliyekosea pigo?" Nilikuwa natwanga mahindi ya pure, ya kupika na maharagwe. Nilimwaga mahindi yote kwenye uteo, nikapangusa kinu kwa leso, nikasimama. Mgongo wangu siku hizi haunyooki lakini mikono haijasahau. Nikampigia la nyumbani: mawili mazito, kimya, mawili mazito, kimya. Nikapumzika. Kisha nikampigia la kuitana, haraka haraka bila kituo, na ukingoni ta-ta-ta, mpaka jirani akachungulia dirishani.

Mbeyu alisimama na fulana yake. Alinitaka nirudie yote mawili, nikarudia. Akasema polepole, "Lakini Nyanya, haya hayafanani hata kidogo."

Nikamwambia hayajawahi kufanana. Nikarudisha mahindi kwenye kinu nikaendelea kutwanga.